Kisima Kilichopumzishwa

Vijana wangu wa kikosi, kazi hii ya kuandika mmenitwika nyinyi. Siku niliporudisha buti na kofia stoo, mwenzenu wa pampu aliniambia, "Mzee Kazungu, hayo unayotuhadithia tukikaa juu ya mabomba yaandike, maana ukishafika kwenu Tezo utashika jembe na hutarudi." Alisema kweli, jembe nimelishika. Lakini asubuhi, kabla jua halijawa kali, huketi na daftari. Nilisoma hadi darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja hunimalizia birika zima la chai. Kwa hivyo msitazamie mengi. Vyeo sitaviandika. Viko ndani ya faili, na mchwa wamezisoma faili zile kuliko wakubwa. Nitaandika nilivyoanza, kisha nitaandika siku moja ya upande wa Kaloleni ambayo nimeiogopa tangu hapo mpaka leo.

Niliajiriwa miaka ya themanini ikiwa michanga. Kikosi kilikuwa na uwanja wake Malindi, na kazi yetu ilikuwa kuchimba visima vya mashine kuanzia Ngomeni hadi bara ya Kilifi. Nilikuwa kijana mwenye haya. Nikitumwa dukani nilisimama kando mpaka wateja wote waishe ndipo niombe. Siku ya kwanza kazini niliambiwa nilete spana ya kumi na tisa. Sikujua spana ipi ni ipi, na kuuliza sikuweza, nikabeba sanduku zima begani, nikavuka nalo mchanga wa uwanja mpaka chini ya mtambo. Aliyenituma alikuwa Fundi Athmani, mtu wa Mambrui, mrefu, mwenye kofia ya viua ambayo hata mafuta ya mashine hayakuthubutu kuigusa. Akalitazama sanduku, akanitazama mimi.

"Nimeomba spana, umeniletea duka," akasema. "Jina lako nani?"

"Kazungu, fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa, Kazungu, mdomo hautozwi kodi. Ukiwa hujui, uliza."

Nilisema ndiyo, na sikuuliza kitu kwa miezi sita iliyofuata.

Athmani ndiye aliyenifundisha kazi. Chombo alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kamba yenye mafundo, na mwishoni mwake kipande kifupi cha bomba kilichozibwa upande wa juu. Ukikiteremsha kisimani, kikigusa maji hulia "pwu", nawe unahesabu mafundo kujua maji yako umbali gani. Kila tulipofika mahali pa kuchimba kisima kipya, kabla hajateremsha mzigo wowote kwenye lori, alizunguka na kamba yake kwenye visima vya majirani. Wachimbaji wengine walimcheka. Wakasema Athmani anaposa, lazima awaone wazee wa mji kwanza.

Kule Ngomeni alinionyesha kwa nini. Palikuwa na visima viwili, kimoja cha nyumba hii na kimoja cha nyumba ya pili, kila kimoja na maji matamu tangu enzi ya mababu. Nyumba moja ikaweka pampu ya dizeli. Mwaka haujaisha, kisima cha jirani kikageuka chumvi. Maji matamu yalikuwa yamevutwa upande mmoja, na bahari ikajaza nafasi. "Hakuna kisima kinachokaa peke yake," Athmani akaniambia. "Huku juu kila mtu ana ua wake. Kule chini wote wanalala kitanda kimoja." Nililiandika neno hilo katika daftari langu la kwanza.

Sasa nije kwenye ile mashine. Nyinyi mmeikuta imetulia, ina vioo na vitufe. Ya wakati ule ilikuwa pampu juu ya lori kuukuu, na kazi yake ilikuwa kuupasua mwamba kwa maji. Huko bara, upande wa milima ya Kaloleni, chini kuna mawe magumu. Mnaweza kuchimba kwa mashine siku nne mkapata shimo zuri, refu, lisilo na maji ya kujaza sufuria. Maji yapo, lakini yamefungiwa katika nyufa nyembamba zisizokutana. Basi tuliteremsha kizibo cha mpira kwa mabomba mpaka chini, tukakijaza kikavimba na kuziba shimo, kisha tukasukuma maji chini ya kizibo kwa nguvu. Yakikosa pa kwenda, yanaukandamiza mwamba. Mwamba unavumilia, unavumilia, halafu unapasuka, na ufa mpya unakwenda kukutana na zile nyufa zilizojificha.

Mimi niliiogopa tangu siku niliyoiona inawashwa. Bomba la mpira lililotoka kwenye pampu lilikuwa nene kama paja la mtu, na nguvu ikipanda lilikakamaa, likatetemeka chini kama kitu chenye roho. Siku moja kule bara ya Malindi lilichomoka kwenye kiungio. Lilijipiga mara moja tu. Mlango wa lori ulikunjika kama karatasi, na mahali hapo dakika moja kabla alikuwa amesimama mpishi wetu akiuliza nani hali pilipili. Tangu hapo sikulala vizuri usiku wa kuamkia siku ya pampu.

Injinia wetu, bwana mmoja wa bara aliyekuwa na haraka ya kudumu, alinipa kazi ya geji. Geji ni ile saa inayoonyesha nguvu ya maji. Kila dakika nisome mshale uko wapi, niandike. Wenzangu walilalamika kwamba ninaandika polepole. Injinia akasema ndiyo maana: mtu anayeandika polepole hana nafasi ya kuongeza uongo. Sijui kama alinisifu.

Na hapo kwenye geji ndipo nilipojifunza kwamba kisima cha zamani kikiwa jirani, kazi nzima hubadilika. Athmani alinieleza tukiwa tumekaa kivulini tukimenya mihogo. Mwamba uliojaa maji, alisema, ni kama gunia lililoshindiliwa nazi. Ukilisukuma linakusukuma nawe. Lakini kisima kikitumiwa kila siku miaka na miaka, maji ya pembeni yake hupungua, na mwamba wa pale huwa kama gunia lililochotwa nusu. Umelegea. Ukija wewe kuupasua mwamba karibu yake, ufa hauendi unakotaka. Unakwenda palipolegea. Unakimbilia kwa jirani.

"Sasa tufanyeje, fundi?" Hilo lilikuwa swali langu la kwanza, nakumbuka, kwa sababu aliacha kumenya.

"Tunawaomba wenyewe wakiache kisima chao siku tatu bila kuteka. Maji yanarudi, gunia linajaa. Hapo ufa ukifika mlangoni unakuta mtu amesimama. Sisi twaita kukipumzisha."

Neno hilo ndilo lililotuponza.

Kijiji chenyewe sikitaji jina. Kiko ng'ambo ya Kaloleni, unateremka bonde na kupanda tena. Walikuwa na kisima kimoja kilichochimbwa kwa mkono, kirefu, juu kimejengwa kwa mawe na chini kimechongwa kwenye mwamba mtupu. Aliyekichimba alikuwa baba yake Mzee Mwaringa, na Mzee Mwaringa ndiye aliyekuwa mwenyewe, ingawa kijiji kizima kiliteka. Walikuwa wamekiwekea pampu ya dizeli, ikateka kila siku miaka mingi, na sasa maji yalikuwa yakikatika saa nane mchana. Ndipo tukaitwa tuchimbe cha pili, hatua sitini kutoka pale, nyuma ya mikorosho. Tukachimba. Kikawa kikavu, au karibu na kikavu. Injinia akaagiza lori la pampu.

Athmani na mimi tulikwenda kwa Mzee Mwaringa kuomba. Alikuwa anasuka makuti, hakuyaweka chini.

"Mzee," Athmani akasema baada ya salamu, "tunakuja na ombi. Kisima chako tungependa kipumzike siku tatu, kabla hatujatia nguvu kwenye hiki chetu."

"Kipumzike?"

"Kipumzike, mzee. Siku tatu."

Mzee akafikiri. "Vyema," akasema. "Hata mimi nilitaka kukipumzisha kabla ya mvua. Katana yupo, yeye ndiye mwenye mikono ya kazi hiyo."

Katana alikuwa mwanawe. Athmani akashukuru, tukaondoka. Njiani akasema wazee wa aina ile ni wachache, ukimwambia jambo mara moja anaelewa. Mimi nilikuwa nyuma yake na kitu kilinichoma moyoni, lakini hakikuwa na umbo. Bibi yangu huko Tezo alilitumia neno lile. Aliposema "mwaka huu tukipumzishe kisima" nilimwona mjomba wangu akivua shati. Lakini mimi ni nani wa kumfundisha Fundi Athmani maneno, yeye mtu wa Mambrui, ambaye Kiswahili ni cha nyumbani kwao? Nikanyamaza.

Siku ya kwanza Athmani akapima kwa kamba yake: maji yamepanda mafundo mawili. Siku ya pili yamepanda zaidi. Akafurahi. Siku ya tatu alfajiri hakupima. Injinia alikuwa amepata habari kwamba lori la pampu linatakiwa Kilifi jioni ile, na kila mtu alikuwa akikimbia na kizibo na mabomba. "Maji yalikuwa yakipanda," Injinia akasema. "Yatashukia wapi?"

Nilikuwa nikifunga viungio vya bomba nilipowaona wanawake wakipita na ndoo kutoka upande wa kisima. Walimwaga maji chini ya mikorosho na kurudi. Hawakupeleka nyumbani, walimwaga. Na maji yalikuwa na rangi ya udongo. Nilitazama, nikafunga kiungio kingine. Kisha akaja Dama, mke wa Katana, mwanamke mchangamfu aliyekuwa akituuzia maembe.

"Hamjambo hapo. Fundi, mna kamba ndefu ya kutuazima? Yetu imechakaa, nacho kisima chapumzika leo."

"Kisima kikipumzika, shemeji, kamba nayo iacheni ipumzike," Athmani akajibu bila kugeuka, wenzetu wakacheka.

"Maneno yako mengi kama redio mpya. Kamba mnayo au hamna?"

"Ninayo, lakini ni ya serikali. Ikipotea nitafungwa mimi, na wewe hutaniletea chakula jela."

"Nitakuletea maembe mabichi," akasema Dama, akaenda zake.

Vijana, mimi nilimsikia. Kamba ya nini, kama hawateki? Ndoo za udongo za nini? Nililiona jambo zima wakati ule, liko wazi kama kiganja. Kwa watu wa kule, kama kwa bibi yangu, kukipumzisha kisima ni kuacha kuteka siku mbili tope litulie, kisha kukikausha maji yote, mtu ateremke, atoe tope, asugue mwamba, kisha kiachwe kivute pumzi. Sisi tulikuwa tumewaomba wakijaze. Wao walikuwa wamekikausha kuliko kilivyopata kuwa. Nililiona, na nikajiambia nimekosea. Watu wazima wamekwisha kupatana. Nikichungulia tu nikute hakuna kitu, Injinia atasema nini? Akapuliza filimbi, nikaenda kukaa mbele ya geji, nikafungua daftari.

Pampu ikaanza kuvuma. Dakika ya kwanza nikaandika. Ya pili nikaandika. Visima vingine mshale hupanda moja kwa moja kama mtu anayepanda mnazi. Huu ulipanda kama mtu anayepanda akitazama chini. Ulifika nusu ya pale ulipozoea kufika, ukaanguka.

"Umefunguka," Injinia akasema. Akapiga makofi mara moja. "Mapema namna hii. Ongeza maji."

Wakaongeza. Mshale haukuinuka. Athmani akaliendea tangi, akaligonga ubavuni kwa kidole, akainamisha kichwa kusikiliza. Nilimwona uso ukibadilika.

"Tangi linakwenda mbio," akasema. "Bwana, maji haya yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda kwenye mwamba. Si ndiyo kazi yenyewe?"

Kalamu ilikuwa kwenye karatasi na haikusogea. Nikasema, na nadhani nilinong'ona, "Kuna mtu kisimani."

"Umesemaje?" Injinia akauliza.

Nikainuka, nikaenda kwenye koki ya kutolea nguvu, ambayo mtu wa daraja langu alikatazwa hata kuiegemea, nikaifungua kwa mikono miwili. Maji yakaruka juu ya mikorosho. Injinia akapiga kelele, sikusikia alichosema. Nilichukua ile kamba ya serikali kwenye ndoano, nikakimbia. Hatua sitini. Nilipofika nusu nilisikia viatu vya Athmani nyuma yangu.

Mzee Mwaringa na vijana wawili walikuwa wameshika kamba yao ukingoni, wanavuta, na Dama alikuwa amelala kifudifudi, kichwa ndani ya kisima. Hakuwa akilia. Alikuwa akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Niambie uko wapi. Niambie uko wapi." Kutoka chini kulikuwa na mvumo, kama mvua juu ya mabati. Nikachungulia. Ukuta wa mwamba ulikuwa unatema maji kwa mstari mrefu, meupe kama tui, na chini yalikuwa yakipanda.

Sauti ya Katana ikaja, yenye hasira zaidi ya hofu. "Mnamwaga nini huko juu? Nimesema bado sijamaliza."

"Hatumwagi kitu!" Dama akajibu.

"Basi haya ni nini? Jiwe limenikalia mguu."

Kamba yao ikakatika. Haikutoa sauti yoyote. Vijana wawili waliketi tu chini kwa ghafla, na ncha ikaja mikononi mwao.

Athmani akaanza kuvua shati. Mzee Mwaringa akamshika mkono, akasema shimo ni jembamba kule chini na yeye ni mpana. Wakanitazama mimi, nikiwa na kamba begani, mwembamba kama ufito. Hakuna aliyeniambia nishuke. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Wangeniamuru, ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Athmani alinifunga yeye mwenyewe, chini ya kwapa na katikati ya mapaja, na alipokuwa akikaza fundo aliniuliza pole, "Ulijua?"

"Nilidhani, fundi."

Akalijaribu fundo kwa mvuto mmoja. Wakaniteremsha.

Nitawaambia kilichoniogopesha, maana si giza, mchana ulikuwepo, duara la mwanga lilikuwa juu yangu. Ni ukuta. Nilipoweka mkono kwenye mwamba ili nisizunguke, niliusikia ukisogea. Unafura kidogo, unarudi. Kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Vijiwe vilichomoka mahali maji yalipotokea, vikanigonga kichwani na mabegani, na kila kimoja nilidhani ndicho cha kwanza cha ukuta mzima. Maji yalikuwa ya baridi kuliko maji yoyote niliyoyagusa. Katana yalikuwa yamemfika kifuani. Alinishika shati.

"Wewe ni yule asiyesema," akasema.

"Ndiyo."

"Jiwe liko mguu wa kulia. Ingia chini."

Nikaingia. Macho hayakusaidia kitu katika tui lile. Nililipapasa jiwe, nikaweka bega, nikasukuma, nikatoka kuvuta pumzi, nikarudi. Mara ya tatu likabiringika, nikamsikia Katana akilia ingawa nilikuwa chini ya maji. Nikaifungua kamba mwilini mwangu, nikamfunga yeye. Vidole vyangu, ambavyo haviwezi kuandika jina langu kwa haraka, vilifanya fundo lile mara moja. Wakamvuta. Nikabaki mimi, maji yakinifika kidevuni, mkono mmoja ukutani, nikihesabu kama ninavyohesabu dakika za geji. Koki niliyoifungua ilikuwa imepunguza nguvu, maji yalikuwa yakipanda pole sasa, lakini mimi sikujua hilo. Nilihesabu mpaka mia mbili na kumi na moja ndipo kamba ikarudi.

Katana aliishi. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, na lori la pampu lililotakiwa Kilifi ndilo lililompeleka hospitalini, Dama akiwa amekaa juu ya tangi amekishika kichwa chake.

Lakini kijiji hakikupata visima viwili. Ufa wetu ulikwenda moja kwa moja kwenye kisima cha mzee, hatua sitini zote, na tangu siku hiyo mkiwasha pampu hapa, maji ya pale yanashuka kabla ya adhuhuri. Maji yalikaa meupe mwezi mzima. Kimekuwa kisima kimoja chenye midomo miwili. Injinia aliita wazee, akaeleza kwamba kulikuwa na kutoelewana. Mzee Mwaringa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilisema nitakipumzisha," akasema, "nanyi mkashukuru." Akaondoka, na hakutusalimu tena siku zote tulizobaki pale.

Katika daftari langu la siku ile kuna dakika tano, kisha pameachwa wazi. Injinia alitaka nijaze. Nikaandika, kwa polepole yangu ileile: "Hapa sikuandika. Nilijua kuna mtu na sikusema." Aliisoma, akaipeleka Malindi hivyohivyo. Kwa hilo namheshimu.

Nilikwenda kumtazama Katana hospitalini. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi njia nzima, na nilipofika kitandani yakaniponyoka yote. Nikasimama na machungwa mkononi. Yeye ndiye aliyesema.

"Kile ni kisima cha babu yangu. Ni kama nyumba. Mkitaka kuingia nyumba ya mtu mnapiga hodi, au kwenu hampigi?"

"Tunapiga."

"Basi. Mimi ningewaitikia."

Akachukua chungwa moja, akanirudishia mengine niwapelekee wagonjwa wa kitanda cha pili.

Kazi iliyofuata ilikuwa Tezo, kwetu, karibu na visima vya watu ninaowajua. Safari hii Athmani hakutumia neno kupumzisha. Alisema, "Msiteke, msishuke, msikiguse, kiacheni kijae," akalisema mara tatu, na kamati ikalirudia. Siku ya pampu alipima alfajiri, akasikia "pwu" pale alipotaka. Mwenyekiti wa kamati akaapa kwamba hakuna mtu. Injinia akatazama saa yake. Kila kitu kilikuwa tayari, Athmani ameshika mpini wa kuwashia, na mimi nikainuka kwenye geji, nikaanza kutembea kuelekea kisima cha zamani.

"Kazungu, wapi sasa?" Injinia akaita. Nikaendelea kutembea. Athmani akasema, "Mwache."

Kulikuwa na wanawake wanapura mtama karibu. Mmoja alinijua tangu mtoto. Walipoona nimepiga magoti ukingoni na kuingiza kichwa, wakaacha kupura.

"Hodi," nikasema.

"Huyo mwana wa Tezo amerukwa," mmoja akasema, wakacheka. Masikio yangu yaliwaka moto.

"Hodi," nikasema tena, kwa sauti. Kimya. Nilianza kuinuka. Magoti yalikwisha acha ardhi nilipoinama nikaita mara ya tatu.

"Karibu," sauti ya mtu mzima ikajibu kutoka chini, bila haraka. "Lakini ngoja kwanza. Natafuta ndoo ya mke wangu, ilizama jana, na kamati wasijue."

Wanawake hawakucheka tena. Nikauinua mkono juu, kiganja wazi, mahali Athmani angeweza kuuona. Nikaushikilia hapo muda mrefu, hata baada ya yule mtu kutoka na ndoo yake na kuniuliza nina nini.